Nje ya Uzio: Wajibu wa Jamii za Dini katika Kuufufua Mji wa Tukuyu

   

Mmeniomba hapa Msasani, Tukuyu, nizungumzie nafasi ya jamii za dini katika kufufua miji. Watu wengi wakisikia habari ya kufufua mji hufikiria majiji makubwa yenye magorofa yaliyochakaa. Lakini mji mdogo nao huchoka. Viwanja hukatwa vipande vipande bila kuacha njia, mifereji huziba, wachuuzi hufurika barabarani, vijana hupanda basi kwenda Mbeya na Dar es Salaam na wasirudi. Ninapozungumza juu ya kuufufua mji kama Tukuyu, pamoja na kata zake za Msasani, Bulyaga, Makandana, Bagamoyo na Kawetele, nina maana ya kuufanya mahali ambapo mtu anaweza kuishi, kufanya kazi, kulea watoto na kuzeeka bila kuiogopa mvua na bila kutamani kuhama.

Hoja yangu ni moja, nayo naisema mapema ili mnipime nayo hadi mwisho. Jamii ya dini huufufua mji pale inapokubali kwamba inawajibika kwa jirani asiyesali ndani mwake. Kwa hiyo tukitaka kujua kanisa au msikiti fulani umeusaidia mji kiasi gani, tutoke nje ya uzio wake, tutembee hatua mia kila upande, tuangalie watu wa hapo wanaishije.

Vituo vilivyoutangulia mji

Katika wilaya hii ya Rungwe dini ziliutangulia mji. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani, akiwamo Theodor Meyer, walipanda kutoka Ziwa Nyasa wakaanzisha kituo cha Rungwe, chini ya mlima. Mwaka huohuo Alexander Merensky alifika na kundi la Misheni ya Berlin, na mwaka uliofuata Walutheri hao wakaanza kazi Manow. Makao ya kwanza ya serikali ya Kijerumani huku yalikuwa ufukweni mwa ziwa, Langenburg. Yalihamishiwa huku juu mwanzoni mwa miaka ya 1900, mahali walipopaita Neu Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo.

Kituo cha misheni cha zama zile hakikuwa nyumba ya ibada peke yake. Kwa kawaida kilikuwa na shule, chumba cha dawa, karakana ya useremala, kazi ya kufyatua na kuchoma matofali, bustani na makazi ya watu. Miongoni mwa wakazi wa mwanzo walikuwamo waliookolewa utumwani na waliokimbia vita, watu wasio na ukoo wa kuwapokea mahali pengine. Kwa maneno mengine, kabla hatujawa na afisa mipango miji wala ramani, kituo kilikwisha kuwa na mambo yanayoufanya mji uwe mji: maarifa, tiba, ufundi na hifadhi kwa mgeni.

Hata hivyo kituo kilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa na maana. Aliyekaa kwenye ardhi ya misheni alifuata masharti ya misheni, na aliyeyavunja aliweza kuondolewa. Huduma nyingi ziliwafikia wengi, hilo halina ubishi, lakini mpango mzima ulijengwa juu ya walio ndani. Mji, kwa upande wake, ulikua kuzunguka boma na soko, ukachanganya watu wa kila namna: askari, wafanyabiashara, makarani, Waislamu kutoka pwani, Wahindi wenye maduka, Wanyakyusa kutoka vijiji vya jirani. Tumerithi mambo mawili hayo, kituo chenye uzio na mji usio na uzio, na hadi leo hatujayaunganisha sawasawa.

Kilichobaki mlezi alipoondoka

Historia yetu inatufundisha pia kwamba nguvu ya jamii ya dini haikai kwenye majengo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Vituo vikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika, huku wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia wakisaidia usimamizi, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Karibu miaka kumi bila mlezi wa awali, na makanisa hayakufa. Yalibebwa na watu waliojua kukutana, kuchangishana, kufundishana na kuzikana.

Baada ya uhuru uzio ulianza kusogezwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali ili mtoto asome bila kuulizwa dhehebu lake. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na hali inayowafanya watu wawe maskini litapoteza maana yake mbele ya watu hao. Mwaka 1992 serikali na makanisa yakatia saini hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii, hasa elimu na afya. Hospitali kama Igogwe ya Wakatoliki na Itete ya Walutheri zinahudumia mgonjwa yeyote. Katika elimu na afya, basi, uzio umekwisha kufunguliwa. Leo naomba tuufungue katika jambo la tatu, yaani mtaa wenyewe: maji yake, njia zake, riziki yake.

Na tusidhani kwamba uhusiano wa dini na mji ni habari ya kinadharia. Katika miaka ya karibuni waumini wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Dayosisi ya Konde, walivutana kwa uchungu juu ya makao makuu ya dayosisi, yabaki Tukuyu au yawe Mbeya mjini. Sitaingia katika mvutano huo, una wenyewe. Natoa fundisho moja tu. Makao makuu ya dayosisi ni mkate wa mji. Mkutano wake mkuu hujaza nyumba za wageni. Ofisi zake huajiri makarani na madereva. Wageni wake hula kwa mama lishe na kushona nguo kwa fundi wa mtaani. Watu walipotetea makao hayo walikuwa wakitetea imani yao, na pia walikuwa wakiutetea mji wao.

Maji ya paa

Sasa nishuke kwenye jambo dogo linaloonekana kwa macho. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukueni nyumba ya ibada yenye paa la mita za mraba 400, ambayo si kubwa sana. Kwa mwaka paa hilo hupokea lita 800,000. Mvua ya milimita 50 alasiri moja ni lita 20,000, yaani simtanki nne za lita 5,000 zimemwagwa kwa mpigo.

Yanakwenda wapi maji hayo? Pasipo na gata, yanadondoka kwenye ukingo wa bati na kuchimba mtaro kuzunguka msingi. Yanabeba udongo wetu mwepesi wa volkano, yanapita chini ya uzio, yanateremka kwa jirani wa bondeni. Jirani huyo kila msimu anapanga mawe na viroba vya mchanga mlangoni kwake. Ukuta wake wa nyuma umelowa hadi usawa wa dirisha, na choo chake kinatitia. Hajawahi kukaribishwa kwenye kikao cha ujenzi wa nyumba ile ya ibada, na pengine ni wa dini nyingine kabisa, lakini gharama ya paa lile anailipa yeye. Kisha kiangazi kinapofika na bomba likaanza kutoa maji kwa zamu, jirani huyohuyo anatuma watoto na ndoo kwenda mbali, huku paa lililommwagia maji miezi michache iliyopita limekauka juu yake.

Mabadiliko yanayohitajika hapo hayahitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji gata, simtanki juu ya msingi wa mawe, mfereji uliojengewa hadi kwenye mfereji wa barabara, na bomba moja lililotoka upande wa nje wa uzio. Dini zote mbili kubwa zina msingi wa jambo hili. Waislamu wanajua habari ya kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho Sayyidna Uthman alikinunua na kukifanya kiwe cha watu wote. Wakristo wanajua kitabu cha Nehemia, ambamo ukuta wa mji uligawanywa vipande, na baadhi ya wajenzi wakashika kipande kilicho mbele ya nyumba zao. Mji haukusubiri fundi mmoja mkuu. Watu walianza pale walipokuwa.

Fremu na mama wa ndizi

Jambo la pili liko kando ya barabara. Makanisa na misikiti mingi katika miji ya Tanzania imejenga fremu za maduka kwenye uzio unaotazama barabara. Ni jambo la halali na la busara. Kodi ya fremu huendesha madrasa, hulipa posho ya mwinjilisti, hununua mabati. Jumuiya isiyo na kitega uchumi huishia kuwakamua waumini wake maskini kila Jumapili na kila Ijumaa.

Lakini pale zilipojengwa fremu, mara nyingi palikuwa na watu. Kabla ya tofali la kwanza palikuwa na mama mwenye mikungu ya ndizi, mwenzake mwenye parachichi zilizopangwa mafungu mafungu juu ya kiroba, na kijana mwenye kikaango cha chipsi. Fremu ikipanda, wao hushuka mtaroni. Hapo tumeongeza thamani ya kiwanja na kupunguza riziki ya mtaa kwa tendo hilohilo. Wataalamu wa miji duniani wanalijua tatizo hili: mahali panapopendezeshwa, kodi hupanda, na aliyekuwapo tangu mwanzo huondolewa na uzuri wenyewe.

Jamii ya dini ina uwezo wa kufanya tofauti, kwa sababu haijengi kwa ajili ya faida peke yake. Inaweza kurudisha fremu nyuma mita tatu, ikaacha ukumbi wenye paa na sakafu ya zege mbele yake, na kuwaandikisha kina mama waliokuwapo ili wawe wa kwanza kupata nafasi kwa ada ndogo. Inaweza kuwaunganisha katika kikundi ili waombe ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. WAWATA, yaani umoja wa wanawake Wakatoliki, vikundi vya wanawake wa Kimoraviani na wa Kilutheri, na kina mama wa misikitini wana uzoefu wa miaka mingi wa kuweka na kukopa. Ujuzi huo usiishie kwa waliobatizwa pamoja au wanaosali safu moja.

Mali ya Mungu inahitaji mafundi

Nichukue mfano kutoka Unguja, kwa sababu unatuonya juu ya mali ya dini isiyotunzwa. Katika Mji Mkongwe watu wenye mali wa karne ya 19 waliziweka wakfu nyumba nyingi. Nyingine mapato yake yalihudumia misikiti. Nyingine zilikuwa makazi ya ndugu na maskini. Ulikuwa mpango mzuri wa kuwaweka watu wa kipato cha chini katikati ya mji wa kitajiri. Hata hivyo miaka ilivyokwenda nyumba nyingi za wakfu zilichakaa na baadhi zikaanguka, kwa sababu kodi iliyokusanywa ilikuwa ndogo mno kwa matengenezo ya kuta za mawe na chokaa, na wenye kuzisimamia walikuwa mbali na waliokaa ndani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini sifa haiwezi kushikilia dari.

Upande wa pili wa Mji Mkongwe huohuo tunaona kinyume chake. Taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, inayotokana na jumuiya ya Waismailia, ilikarabati jengo la Zahanati ya Kale miaka ya 1990, na bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009. Leo Forodhani jioni hukaa kila mtu, na hakuna anayeulizwa anasali wapi. Tofauti ya mifano hii miwili haiko kwenye uchaji wa watoaji. Iko kwenye fundi, hesabu na msimamizi. Ardhi tuliyopewa na wazee kwa ajili ya kazi ya Mungu nayo inahitaji hivyo hivyo: ipimwe, iwe na hati, iwe na fungu la matengenezo, na hesabu zake zibandikwe ukutani ambapo jirani anaweza kuzisoma.

Waliojisemea wao kwanza

Mbali na kwetu kuna mifano inayostahili kutajwa. Mwaka 1985 tume iliyoundwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, Robert Runcie, ilitoa ripoti juu ya hali ya miji maskini ya Uingereza. Serikali ilikasirika, lakini mengi ya mapendekezo yake yalielekezwa kwa Kanisa lenyewe: namna linavyotumia fedha zake, linavyowaandaa wachungaji wake, linavyowagawa mijini. Baadaye ukaanzishwa mfuko wa Kanisa wa kusaidia kazi za mitaa hiyo. Waliinyooshea serikali kidole baada ya kujinyooshea wao wenyewe, na kwa sababu hiyo walikuwa na haki ya kusikilizwa.

Huko Brooklyn, New York, makanisa ya mashariki ya eneo hilo, ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Wamarekani weusi, yaliungana na kuanzia mwaka 1983 yakajenga nyumba za familia za kipato cha chini kwenye viwanja vilivyokuwa magofu. Jiji lilitoa ardhi. Makanisa yaliweka fedha zao kama mkopo usio na riba, nyumba ikiuzwa fedha inarudi kujenga nyingine. Mradi wakauita Nehemia. Waliojenga hawakuwa dhehebu moja, na waliopata nyumba hawakuulizwa dhehebu.

Sisi tuna jambo ambalo hata wao wangelitamani. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele chao, na madhehebu mengine yana jumuiya zinazofanana nazo. Familia kadhaa hukutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki. Hujua nani amefiwa, nani hajapika, mtoto wa nani hajaenda shule, bati la nani limepeperushwa. Hakuna ofisi ya serikali yenye macho ya karibu kiasi hicho.

Na tuna mnada wa mavuno. Mmeuona wote. Ibada imekwisha, watu wamesimama nje, mkungu wa ndizi umenyanyuliwa. Mzee ananunua, analipa, anaurudisha. Unanadiwa tena, na tena, hadi mkungu mmoja umeingiza fedha ya mikungu mitano. Watu hutoa hivyo kwa sababu wanaamini fedha haitapotea njiani. Imani hiyo ni mtaji ambao halmashauri nyingi zingetamani kuwa nao.

Pingamizi

Kuna watakaosema: mifereji na masoko ni kazi ya halmashauri, sisi tunalipa kodi na ushuru. Ni kweli, na jamii za dini ziendelee kuidai halmashauri kwa sauti ya wazi. Lakini maji ya paa lako ni yako. Mwenye kuanza na lake ndiye anayeweza kuingia kwenye ofisi ya mtendaji wa kata akadai la umma.

Wengine watasema: hii itakuwa njia ya kuvuta waumini. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni utaratibu. Kinachofanywa nje ya uzio kiamuliwe na kamati yenye Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Waislamu na wakazi wasiofungamana na yeyote. Maji yasiwe na kadi ya ushirika. Na tuongeze jambo ambalo majirani hulilalamikia kwa kunong'ona: vipaza sauti vya usiku kucha. Mgonjwa na mtoto mchanga walio nje ya uzio nao wana haki ya kulala.

Mapendekezo

Ndugu zangu, napendekeza mambo manne. La kwanza, kila nyumba ya ibada ya Msasani iwe na gata, hifadhi ya maji na mfereji uliojengewa, na bomba linalofikiwa na jirani. La pili, kila ujenzi wa fremu uanze kwa kuwaandika waliokuwa wakiuza mahali hapo na kuwatengea nafasi yao. La tatu, viongozi wa dini wa kata wakutane kila robo mwaka na Kamati ya Maendeleo ya Kata, wakiwa na taarifa kutoka kwenye jumuiya zao: njia zilizozibwa, mifereji iliyovunjika, nyumba zilizo hatarini. La nne, kwa kuwa tunawafundisha waumini kutoa fungu la kumi, jumuiya zenyewe nazo zitoe sehemu ya kumi ya mavuno na ya kodi za fremu kwa ajili ya mtaa. Kwa ndugu Waislamu, zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa, lakini sadaka yenye kuendelea ina mlango mpana, na maji ni mfano wake unaojulikana zaidi.

Mvua kubwa za huku huanza mwezi wa Novemba. Nawaomba wachungaji, mapadri, maimamu na wazee wa makanisa mliopo hapa: kabla ya mwezi huo, kila mmoja na kamati yake ya ujenzi mzunguke uzio wenu kwa miguu, mbishe hodi kwenye nyumba tatu za bondeni, muwaulize wenyewe maji ya paa lenu yanawafikia wapi. Majibu yao yaingizwe kwenye bajeti ya mwaka ujao, kwa jina la kazi na kiasi cha fedha. Kufufua mji kutakuwa kumeanza, na mtu wa kwanza kulishuhudia jambo hilo atakuwa jirani asiyesali nanyi.